Mzee wa Winchi na Ngazi za Sauti

Thabiti, mkalimani wa mgeni aliyekuja kupima masikio ya wafanyakazi, alishuka kwenye lori bandarini Mtwara, akamwamkia mara mbili mzee aliyeendesha winchi, mashine ya kuinulia mizigo. Mzee hakuitikia, kiganja chake kilikuwa juu ya chuma, akiisikiliza mashine kwa mkono. “Ana kiburi,” Thabiti akanung'unika.

Mchana sanduku la kupimia masikio lilitoa sauti ngazi kwa ngazi, kila ngazi na mitetemo maradufu ya iliyotangulia. Kwenye ngazi za mngurumo mzee aliinua kidole kuonyesha anasikia. Zilipofika mlio wa mbu, kidole kilitulia gotini.

“Sanduku lenu limelala,” alitania.

“Sanduku ni zima, mzee, masikio yako ndiyo yamekufa!” Thabiti alipaza sauti, na msimamizi wa bandari akasikia. Papo hapo winchi akapewa mtu mwingine. Mzee akaipapasa mara moja, akaondoka.

“Nisamehe, babu!” Thabiti aliita kwa sauti yake nyembamba kama mlio wa mbu. Mzee alizidi kwenda, na Thabiti hakuwa na uso wa kumkimbilia.