Shemeji Alisema Ni IP, Kumbe Ni Simu Niliyompa Siku za Matanga

Admin, nifichie jina. Si kwamba naogopa, hiyo kazi ya kuogopa nimemaliza. Nifichie kwa sababu ya watoto wangu wawili ambao bado wako shule.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Kaloleni, nauza nguo za mtumba za watoto pale soko la Kibuye. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliniachia watoto, nyumba ya vyumba vitatu aliyojenga kwao kando ya ziwa, na kaka yake mkubwa, ambaye hapa nitamwita Shemeji.

Miezi minne iliyopita niliwaandikia nyinyi kwa WhatsApp. Nilieleza kwamba nimepata mtu, Mkikuyu anayeuza viazi hapo sokoni, mpole, ananiheshimu, anataka tuoane, na sijui nitawaambiaje wakwe zangu. Mlificha jina langu vizuri. Wafuasi wengine walinishauri, wengine wakanitusi, sawa tu. Wiki hiyo hiyo Shemeji akaita kikao bomani, nyumbani kwa wakwe, akavaa miwani, akasoma kisa changu chote mbele ya wazee na mama mkwe. Hata yale maneno ya mwisho ambayo admin mliyakata kabla ya kuposti, aliyasoma. Siku hiyo sikushtukia hilo, nilikuwa nalia.

Nilimuuliza, "Umejuaje ni mimi?"

"Ni IP, shemeji. Ukiandika chochote mtandaoni, anwani yako ya IP inatuonyesha mpaka mlango wa nyumba yako. Mimi nimesomea kompyuta."

Yawa! Niliishi kwa woga miezi mitatu. Nilikuwa nazima data kabla hata ya kuomba, nikidhani Shemeji atasikia ninachomwambia Mungu. Yule mtu wangu nikamwambia asinipigie. Alikuwa akinipita sokoni na mkokoteni wake wa viazi kama hatujuani, na mimi ndiye niliyemwomba afanye hivyo. Iliniuma sana.

Juzi nilienda saiba moja ya Kondele, duka la kompyuta na intaneti, kuchapisha fomu ya shule ya mtoto. Mama mwenye saiba ni mcheshi, nikamuuliza polepole kama IP inaweza kuonyesha mtu mlango wangu. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia IP ni namba ambayo kampuni ya mtandao inaipa simu yako ukiingia, ili ukiomba kitu majibu yajue pa kurudi. Tovuti unayofungua inaiona, ndiyo, lakini inabadilika, na watu wengi wanaweza kutumia moja. Kampuni ndiyo inajua ni laini ya nani, na haimwambii shemeji ya mtu. Akafungua tovuti ya kuonyesha IP kwa simu yangu. Ikasema niko Nairobi! Na mimi niko Kondele, nimekalia stuli.

"Sasa huyo anakusoma kwa njia gani?" akauliza. "Hebu leta simu."

Akaingia WhatsApp, mahali pameandikwa vifaa vilivyounganishwa. Palikuwa na laptop, imetumika asubuhi hiyo hiyo. Mimi sina laptop. Sijawahi kuwa na laptop.

Hapo ndipo nilikumbuka matanga. Kwetu mjane hakai na simu. Simu inaenda kwa karani wa kamati ya mazishi, apokee rambirambi na kujibu watu wa grupu. Karani alikuwa Shemeji. Alikaa nayo siku nane, na namba ya siri nilimpa kwa mdomo wangu, nikamwambia asante.

Sikuiondoa laptop yake hapo hapo. Nilipiga skrinshoti, kisha nikamwandikia dada yangu, yeye peke yake: kesho saa mbili naenda kwa chifu kusema mambo ya boma. Kesho yake nikapitia ofisi ya chifu. Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa suti, amebeba faili.

"Shemeji, kwema? Umefuata nini huku?"

"Aa, nimepita tu kusalimia."

Kusalimia na faili! Nilitoka nje nikaiondoa ile laptop yake, nikabadilisha namba ya siri ya simu, nikaweka na ile PIN ya pili ya WhatsApp. Jioni nilimpigia yule mtu wangu, tukaongea mpaka chaji ikaisha.

Jumamosi hii kuna kikao kingine. Shemeji anataka nipige magoti, niombe msamaha na nimwache huyo mtu, la sivyo nirudishe ufunguo wa nyumba ya mume wangu. Mama mkwe ananipenda, na presha yake iko juu. Jana alinipigia: "Nyathina, mtoto wangu, nakuomba, usimwaibishe mwanangu aliyebaki."

Ndugu zangu, niambieni. Niwaonyeshe wazee hiyo skrinshoti, au nimeze kwa ajili ya huyu mama? Lakini ya magoti msiniambie, hayo nimekataa, na ufunguo sirudishi.

Na wewe Shemeji, najua unafuata hii page. Soma tu. Safari hii unasoma pamoja na watu wote, na nimemwomba admin asikate hata neno moja.