Nilikwenda Ubelgiji kumposea mwanangu, nikaongea mpaka karibu nimkoseshe mke

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa nyumbani na wa huku baridini.

Wanaonifahamu wanajua mimi nikisimulia huwa naongeza kidogo. Hii sijaongeza. Mashahidi wawili wapo hai, mmoja ni mwanangu, na mwingine bado anaendesha basi hapa Birmingham. Wakiona nimepindisha watanisema.

Nianze kwa kujitambulisha, maana humu kuna wageni.

Mimi ni mtu wa Tanga, shule niliachia darasa la nne. Uingereza niliingia mikono mitupu. Nimeosha magari mtaa wa Small Heath kwenye mvua ya mawe mpaka vidole vinakufa ganzi. Leo nina gereji yangu mtaa wa Alum Rock, lifti mbili, na minibus za kukodisha. Kuna watu wana digrii zao ukutani, gari ikigoma asubuhi wananipigia mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kitu kingine cha kujua, mkono wangu wa kushoto kidole cha pete ni nusu. Miaka yote nikiulizwa nasema nilipambana na mwizi mwenye panga Kariakoo, kidole kikaenda lakini mwizi nilimkamata. Mke wangu anaijua hivyo, na watoto wamekua nayo hivyo hivyo.

Kishikeni hicho kidole, tutakirudia.

Sasa, hii ni miaka ya elfu mbili na kitu, bado tunachapisha ramani kwenye karatasi kabla ya safari. Mwanangu mkubwa Idrisa kazaliwa hapa hapa Birmingham, na anafanya kazi nami gereji. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Akakutana na binti kwenye harusi moja Small Heath. Zainabu, Mkongo wa Kasongo, Muislamu mwenzetu, wazazi wake wanaishi Ghent, Ubelgiji.

Nikasema sawa, tutakwenda kuposa kiutaratibu.

Utaratibu wetu mnaujua. Baba wa kijana hasemi. Anakaa, anakunywa chai, mshenga ndiye anasema. Mshenga wetu alikuwa Mzee Kombo, Mpemba, dereva wa basi la Coventry Road, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue kuna msiba.

Mama Idrisa hakuweza kusafiri. Asubuhi ya kuondoka alinifunga vifungo vya shati akaniambia, "Baba Idrisa, nakuomba kitu kimoja. Ukifika kwa watu, nyamaza."

Nikamwambia wasiwasi wa nini.

Tukaondoka watatu kwenye minibus mpya kabisa, nimeipiga polish mwenyewe. Ndani kuna halua, doti nne za kanga, marashi, na magunia mawili ya basmati. Idrisa akasema, "Dad, they've got rice in Belgium." Nikamwambia huwa hatuendi kwa watu mikono mitupu.

Dover, meli, Calais, tukaingia Ghent Jumamosi alasiri.

Sasa wakuu, nilichokikuta mtaani kwao sikukitegemea. Barabara imefungwa kwa vizuizi. Meza ndefu zimepangwa katikati ya lami, zina vitambaa, bendera ndogo ndogo zinaning'inia juu kutoka nyumba hii mpaka ile. Wazungu, Waturuki, Wakongo, wazee, watoto, kila mtu na sahani yake.

Nikamwambia Kombo, "Umeona? Hii ndiyo heshima. Wamefunga barabara."

Kombo akaangalia zile bendera.

Mimi nikashuka na suti yangu, nikaanza kupeana mikono. Meza ya kwanza mpaka ya mwisho. Bibi mmoja wa Kizungu nikamwambia asante kwa mapokezi, akanipa bakuli la mchuzi wa kuku mweupe wenye maziwa. Mturuki mmoja akaniwekea mkate. Nikawapungia watu wa dirishani.

Ilikuwa ni karamu ya mtaa wao tu. Kila mwaka majirani wa pale wanafunga barabara siku moja, kila nyumba inaleta chakula chake, wanakula pamoja. Sisi tumeangukia siku hiyo bila mpango. Nililijua hilo kesho yake, na nililijua kwa Idrisa, huku anacheka mpaka anashika mbavu.

Baba yake Zainabu ni Mzee Ramazani. Mwembamba, ndevu fupi nyeupe, shati limepigwa pasi. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti ndani ya jumba la makumbusho, kuangalia watu wasiguse vitu. Mlinzi, kwa kifupi. Nakiri hapa hapa, nilivyosikia hivyo nilijiona mkubwa.

Jioni tukaingia sebuleni. Chai ikaja, na sambusa. Ramazani kakaa na shemeji yake, sisi watatu upande huu. Kombo akakohoa, akaanza, "Assalamu alaikum, sisi tumetoka Birmingham..."

Nikamkata.

Mpaka leo sijui ni nini kilinisukuma. Nafikiri zile meza za barabarani zilinipanda kichwani. Nikaanza na gereji. Nikaeleza lifti zote mbili. Nikaeleza minibus ya kwanza mpaka ya tatu, na ya nne ninayoiwazia. Nikaeleza kwamba kwangu binti hatashika hata ufagio. Kidole kikaonekana nilipokuwa naonyesha kwa mikono, shemeji akauliza, nikamwaga na hadithi ya mwizi wa Kariakoo. Siku hiyo mwizi alikuwa na wenzake wawili.

Idrisa anasema "Dad, please" chini chini. Mimi gia imeshaingia.

Nilipomaliza chai ilishapoa. Ramazani akaweka kikombe chini taratibu.

"Bon," akasema, yaani sawa. "Garashi nimesikia. Mabasi nimesikia. Mwizi pia nimesikia. Kesho, papa, tutatembea muji."

Hakusema ndiyo wala hapana. Akainuka akatuonyesha vitanda.

Chumbani Kombo alikaa kwenye godoro anavua soksi. Akaniambia, "Shabani, mdomo wako una gia za mbele tu. Rivasi hakuna."

"Kwani nimeharibu?"

"Mtu anaombwa binti, anaonyeshwa magari. Wewe ungetoa?"

Idrisa alikuwa amejilaza upande wa ukuta, mgongo kwetu. Hakulala, nilijua, maana mtu aliyelala hapumui vile. Akasema, "If he says no, I'm not coming back to the garage." Sauti haikupanda wala haikushuka.

Hapo ndipo nilipoelewa nimecheza na nini.

Asubuhi ya Jumapili Ramazani akatutoa kwa miguu.

Niwaambie ukweli, mji ule ni mzuri na mimi siyo mtu wa kusifia mji usio wangu. Mto unapita katikati, nyumba za zamani zina paa za ngazi ngazi, zimejipanga kama meno. Minara mitatu imesimama mstari mmoja, wa katikati juu yake wameweka joka la shaba. Baiskeli kila mahali, na hazina honi, zinakupitia sikioni.

Kuna uwanja wanauza maua Jumapili. Watu wazima wamevaa vizuri wananunua maua, wengine wamesimama wanakula chaza wabichi asubuhi ile, na bendi inapiga tarumbeta. Ramazani kila hatua kumi anasimamishwa. Muuza maua kamwita jina. Mturuki wa mkate kamuulizia mgongo. Mama mmoja wa Kizungu kamshika bega akamwonyesha picha ya mjukuu.

Mimi Alum Rock nzima wananijua, lakini wananijua kwa sababu nimewaambia. Huyu hakuwaambia kitu.

Tukaingia kwenye ngome ya mawe, iko katikati ya mji kabisa, tramu inapita chini yake. Walikaa humo mabwana wa zamani. Kuna chumba kimewekwa vyuma vya kutesea watu. Kombo akasimama mbele ya koleo moja kubwa, akaniambia, "Hili nadhani lilikuwa la wasemaji." Ramazani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Kanisa kuu nalo tuliliona, lina mchoro mkubwa wa zamani wa mwanakondoo, umewekwa nyuma ya kioo. Watu wanauangalia kama wanaosubiri utoe sauti. Sisi tuliangalia kwa adabu tukatoka.

Halafu akatupeleka kazini kwake.

Mimi nilidhani makumbusho ni masanamu na mikuki. Kumbe ni kiwanda. Kiwanda cha pamba cha zamani, ghorofa kadhaa, kimefungwa siku nyingi, wameacha mashine mle mle. Ghent yote ilikuwa mji wa viwanda vya nguo, ndivyo Ramazani alivyotueleza, na watoto walikuwa wanaingia kazini wakiwa wadogo.

Harufu ya grisi ilinipiga mlangoni. Sikusema kitu. Kombo akanigeukia, nadhani alishangaa.

Juu kulikuwa na bibi mmoja wa Kibelgiji, aproni ya bluu, nywele fupi. Alikuwa mfumaji kiwandani tangu msichana, sasa kastaafu, anakuja kuwashia wageni mashine ili waone. Ramazani alimwita Bibi Maria na alikuwa anampigia kelele sikioni, hasikii vizuri.

Bibi akawasha. Wakuu, sakafu nzima ilitetemeka. Mikanda inazunguka, chuma kinapiga chuma. Nikarudi nyuma hatua mbili, mkono wa kushoto nikautia mfukoni. Sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Yule bibi aliona.

Akazima mashine. Akanijia moja kwa moja, akaniambia kwa ishara niutoe. Nikautoa. Akakishika kile kidole, akakigeuza juu na chini kama mimi ninavyoangalia plagi iliyoungua. Akasema kitu kwa Kiflemi, lugha ya pale.

Ramazani akatafsiri. "Anauliza, ni mashine gani?"

Hakuuliza nimefanyaje. Ameshajua. Anataka jina la mashine tu.

Hadithi ya mwizi ilikuja mpaka mdomoni. Nikamwangalia yule bibi, akagusa sikio lake, akaonyesha mashine ya kufumia, akatikisa kichwa. Kama anasema, mimi yangu ni ile pale, yako ipi?

Nikasema, "Korona."

Vijana wa sasa msiogope, siyo ugonjwa. Korona ni mtambo wa kusaga majani ya mkonge, yanaingia majani, inatoka katani. Mashamba ya Tanga yote yalikuwa nayo.

Nikawaeleza pale pale, Ramazani anatafsiri kwa sauti kubwa mpaka wageni wengine wakasimama kusikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nyapara nimemdanganya nina kumi na nane. Kazi yangu kupanga majani kwenye mkanda. Siku hiyo niligeuka nyuma kumwambia mwenzangu kwamba mimi napanga haraka kuliko watu wazima wote wa zamu ile. Nilikuwa bado naongea.

Kidole hakikuchukuliwa na mwizi. Kilichukuliwa na mdomo wangu.

Bibi Maria akasikiliza mpaka mwisho, akanipiga piga mkono mara mbili, akarudi kuwasha mashine yake kwa ajili ya familia iliyokuwa inasubiri. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenikumbatia. Idrisa alikuwa kasimama karibu na dirisha ananiangalia kama gari ambalo amelipanda miaka ishirini, leo ndiyo kafungua boneti.

Tukarudi nyumbani. Njiani sikusema hata neno, mpaka Kombo akaniuliza kama naumwa.

Sebuleni tukakaa kama jana. Chai ikaja. Safari hii Ramazani akanipita mimi, akamgeukia Kombo.

"Mzee Kombo, nasikia wewe ndiye mshenga. Jana sikukusikia."

"Jana barabara ilikuwa imefungwa," Kombo akasema.

"Leo iko wazi."

Kombo akajiweka sawa. "Tumekuja kuomba. Kijana ni huyu. Baba yake umemwona."

Maneno nane. Nilihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine.

Ramazani akaitikia kwa kichwa. "Jana nilisikia mali," akasema. "Nikasema, mutoto wangu ataishi na batu wale, na miye sijue ni batu gani. Leo nimemuona mutu." Halafu akamwita mkewe aende kumuuliza binti, maana bila yeye mwenyewe kusema hakuna ndoa.

Mama hakufika hata mlangoni. Sauti ya Zainabu ikatoka jikoni, "Nimesikia yote! Ndiyo!"

Mama mtu akapiga vigelegele, Idrisa akaficha uso kwenye viganja. Basmati ikapikwa jioni ile ile, na majirani wakapelekewa sahani.

Wakati wa kurudi, kwenye meli, Idrisa akaja kukaa pembeni yangu. "So there was no thief?"

"Hakukuwa na mwizi."

Akafikiri. Kisha akasema kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili, "Hii ni nzuri kushinda ya mwizi."

Mama Idrisa aliponifungulia mlango aliuliza kama nilinyamaza. Nikamwambia siku ya pili.

Nilichojifunza ni hiki. Kama una mshenga, mwache afanye kazi aliyoitiwa. Mali yako mtu ataiona siku akija kwako, haihitaji kutangulizwa. Na ile aibu unayoifunika kwa hadithi nzuri, kuna mtu mahali fulani ataijua kwa kuangalia mkono wako tu, hata kama lugha yenu si moja.

Gereji bado ipo, na minibus sasa ni tano. Hilo nimeona niliseme.

Uwanja ni wenu. Waliowahi kuposa ugenini semeni nani aliongea, baba au mshenga. Na kama humu kuna mtu aliyewahi kusimama kwenye korona, simuulizi imemfanya nini. Ataje shamba tu.