Siku Tuliyoshika Shilingi ya Waziri

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti. Ofisi ya Mbunge ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, na kiti kilichokuwemo kilikuwa cha Mheshimiwa mwenyewe. Nilisimama mlangoni na cheti changu cha kidato cha nne mkononi. Hakukitazama.

"Mwita, unajua kuuliza swali?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Hujui. Wewe unajua kuuliza njia. Bungeni haulizi asiyejua, anauliza anayejua jibu, ili mwingine alazimike kulisema mbele ya watu."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Nikawa katibu wa mbunge jimboni. Jimbo silitaji, maana wengi niliofanya nao kazi wangali hai na baadhi yao bado wanaomba kura.

Vijana wanadhani kazi ile ni kubeba mkoba na kufungua mlango wa gari. Hayo yalikuwepo. Lakini kazi hasa ilikuwa kuyafuata maswali huko yalikozaliwa. Nilipewa pikipiki, na mimi tangu utoto siwezi kukaa mahali pamoja nikatulia. Leo niko Nyanungu kwa wafugaji, kesho Nyamwaga kwenye migomba, keshokutwa Sirari nawasikiliza watu wakichanganya Kiswahili chetu na cha Kenya. Nikiyakumbuka mapito yale yaliyolowa mvua ya kwanza, moyo unaniuma. Ni miaka pekee ambayo kutangatanga kwangu kuliitwa kazi.

Maswali yana aina zake. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa mapema, Waziri akapata muda wa kuandaa jibu. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo baada ya jibu, na hapo ndipo Waziri hunaswa au hupona. Kabla ya kuuliza la nyongeza, mbunge ana desturi ya kusema, "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri." Jibu liwe ovyo namna gani, litaitwa zuri. Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo redioni nilicheka. Baadaye niliacha kucheka.

Ilikuwa miaka ya rashi. Rashi ni pale dhahabu inapoonekana mahali, na kabla mwenye shamba hajajua, shamba lake limekwisha kuwa mji. Karibu na kijiji kimoja cha kwetu, shamba la mihogo lilijaa maturubai, mama ntilie na wauza betri. Walikuja watu wa Geita, wa Kigoma, wa Shinyanga, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Walichimba maduara, yale mashimo membamba yanayoteremka kufuata mwamba, na maduara yakawavunja miguu na mbavu. Waliovunjika walibebwa hadi zahanati ya kijiji, iliyojengwa kwa ajili ya chanjo za watoto na homa za wakulima. Humo alikuwamo nesi mmoja, Bhoke.

Bhoke tulisoma naye sekondari. Alikuwa mtu wa maneno machache hata enzi hizo. Ikama ya zahanati yake, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwepo, ilikuwa watano. Wenzake wanne walikuwa wakilipwa kwa jina la zahanati ile, ila kwa miguu yao walikuwa kwingine: mmoja masomoni, wawili mjini "kwa muda", na wa nne alikuwa amefungua duka la dawa huko huko kwenye rashi, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mlango aliotakiwa kuufungua kila asubuhi.

Nilipomfikia mara ya kwanza, Bhoke alizungumza huku akiosha mikono.

"Mwita, sitaki mambo mengi. Nataka mwenzangu mmoja tu. Juzi huku nina mama anajifungua, huku kijana wa duara anavuja damu. Nimsimamie yupi?"

"Ulimsimamia yupi?"

"Usiniulize."

Kijijini nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba siku ile mtoto alizaliwa salama, na wachimbaji wakamzika mwenzao.

Nikaandika swali la msingi, Mheshimiwa akalipenda. Hapa nieleze jambo ambalo wapiga kura wengi hawalijui. Waziri hakujui kwenu. Swali likifika wizarani hushushwa mkoani, mkoa hulishusha wilayani, na wilaya ndiyo huandaa maelezo ya kupandishwa juu. Kwa hiyo swali letu la kuwaumbua wakubwa wa wilaya lilijibiwa na wakubwa hao hao, kisha jibu likasomwa Dodoma kwa sauti nzuri: zahanati hiyo ina watumishi watano kwa mujibu wa ikama, na huduma zinaendelea kutolewa. Mheshimiwa akasimama. "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri..." Akaambiwa Serikali itaendelea kuajiri kadiri bajeti itakavyoruhusu.

Jioni alinipigia simu. "Mwita, leo wamenilisha makapi. Bajeti inakuja. Waambie watu nitashika shilingi."

Kushika shilingi ni desturi ya Bunge letu. Kila mwaka wizara inapoomba fedha zake, Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi, na anayeliongoza haitwi tena Spika, huitwa Mwenyekiti. Wanapita kifungu kwa kifungu. Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika hutangaza kwamba anaondoa shilingi moja katika mshahara huo mpaka apewe maelezo ya kueleweka. Shilingi yenyewe haina maana. Maana yake ni kwamba Waziri hapiti, anasimamishwa nchi nzima ikisikia, na mbunge akikaza hoja yake inaweza kupigiwa kura.

Nilizunguka kata zote nikitangaza. Siku yenyewe watu walijaa dukani kwa Mzee Chacha, mwenye redio kubwa kuliko zote pembeni ya rashi. Wachimbaji walikuja na matope yao. Bhoke alisimama mlangoni, jicho moja kwetu, jingine barabarani kwenye zahanati yake. Hata mgonjwa wake mmoja mwenye bendeji kichwani alikuja akikokota mguu.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia Mzee Chacha.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Leo sikulala, kama ni mimi ninayekwenda kusema."

Kisha tukaisikia sauti ya Mheshimiwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, maelezo haya siyakubali. Wananchi wangu wanakufa. Nashika shilingi ya Waziri!"

Duka lililipuka kwa vifijo. Mchimbaji mmoja wa Kigoma alinibeba juu juu. Bhoke alicheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu shuleni. Waziri akajibu kwa upole kwamba anamheshimu sana Mbunge, kwamba Bunge likimaliza atakuja mwenyewe kujionea. Tukangoja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa namfahamu Waziri kuwa ni mchapakazi, narudisha shilingi."

Mtu wa Kigoma alikuwa bado amenishika kiuno. Akanishusha.

"Amerudisha? Mbona hakukaa nayo hata kidogo?"

"Ilikuwa ya moto," alisema Mzee Chacha, akazima redio ili kutunza betri.

Tangu siku hiyo jina langu la Mwita lilipotea. Nikipita na pikipiki watoto wanaimba, "Shilingi! Shilingi!"

Nilimpigia Mheshimiwa. "Kwa nini umerudisha?"

"Mwita, siasa huijui. Nikikaza, chama changu mwenyewe kinapiga kura dhidi yangu, nashindwa, na Waziri simwoni tena. Sasa anakuja. Wewe unataka shilingi au unataka Waziri?"

"Nataka nesi."

Alikata simu.

Waziri alikuja kweli, hilo nisilifiche. Asubuhi ya siku hiyo, kabla msafara haujafika, gari la wilaya liliteremsha manesi wanne waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Walikuwa wameazimwa kwenye vituo vingine. Mmoja aliniuliza choo kiko wapi. Mkubwa wa afya wa wilaya aliwapanga barazani, akamweka Bhoke katikati, akamwinamia.

"Leo tunapokea mgeni, dada. Hatulalamiki. Ujue viko vituo vya mbali kuliko hiki."

Bhoke alikuwa anatazama viatu vya wenzake, vyote visafi, na chake kimoja kilichoshonwa kwa waya.

Waziri alisifia usafi wa jengo, akasifia ushirikiano wa Mbunge. Mheshimiwa akapiga makofi. Kisha Waziri akamgeukia Bhoke kwa tabasamu. "Wewe ndiye mfawidhi, mkuu wa zahanati hii? Mnashirikianaje na wenzako?"

Kabla hajajibu, Mzee Chacha alipaza sauti kutoka kwenye umati. "Tata Waziri, hebu mwulize huyo wa mwisho, mwenyekiti wa kijiji hiki anaitwa nani!"

Watu wakaangua kicheko. Yule nesi wa mwisho, binti mdogo tu, aliinamisha kichwa, na nilimwonea huruma. Mkubwa wa afya alimtazama Bhoke kwa jicho ambalo kila mtu alilielewa. Mheshimiwa naye alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, yaani asiseme.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Bhoke, "wenzangu hawa nimewafahamu leo asubuhi. Ukiondoka, nao wanaondoka. Mimi hapa niko peke yangu."

Sasa hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mbunge wangu. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake. Jibu alilojua tangu mwanzo lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na lilihitaji mtu mmoja tu wa kulishikilia. Mheshimiwa alikuwa anafuta miwani.

"Hizo ni changamoto za kawaida," alisema Waziri. "Lishughulikieni jambo hili."

"Tumepokea, Mheshimiwa," walijibu wa wilaya kwa pamoja.

Wakaenda kula. Baadaye msafara uliondoka, na manesi wanne wakapanda gari la mwisho. Yule binti mdogo alirudi mbio, akamwekea Bhoke mkononi boksi la glavu, akakimbilia garini.

Walilishughulikia. Mahindi yalikuwa hayajavunwa Bhoke alipohamishiwa upande wa Serengeti, kwa manufaa ya umma, kama wasemavyo. Wa kushika nafasi yake tuliambiwa yuko njiani. Zahanati ikafungwa kufuli kwa muda, ikimngoja. Majani yakaota barazani pale walipopangwa manesi. Wachimbaji waliovunjika wakawa wanafungwa kwa kanga kwenye pikipiki na kupelekwa mbali, na si wote waliofika. Akina mama wa kijiji wakarudi kwa wakunga wa nyumbani. Tulikwenda kuomba mtu wa pili, tukanyang'anywa wa kwanza.

Mwaka uliofuata niliandika swali lile lile tena. Nusura Mheshimiwa alikatae. Nililisikiliza jibu peke yangu, maana dukani kwa Mzee Chacha hakuna aliyetaka tena kusikia habari za Bunge. Naibu Waziri alisema zahanati hiyo kwa sasa haitoi huduma, na hivyo haimo miongoni mwa vituo vyenye upungufu wa watumishi.

Upungufu wetu ulikuwa umekwisha. Nyumba isiyo na mtu haipungukiwi na mtu. Na Mheshimiwa akasimama, nikamsikia akianza, "Pamoja na majibu mazuri..." Nilizima.

Uchaguzi ulipofika, kila alipopanda jukwaani walimpokea kwa kelele moja: "Rudisha shilingi!" Alishindwa. Ajira ya katibu wa mbunge hufa pamoja na ubunge, kwa hiyo wakati wengine hustaafu nywele zikiwa nyeupe, mimi nilistaafishwa na sanduku la kura kabla sijatimiza arobaini. Nilirudisha pikipiki na funguo. Tangu hapo nimeifuata rashi moja hadi nyingine, nimevuka mpaka na kurudi, nimeuza nguo, nimeuza mbuzi. Vijana wenye vyeti huniuliza kama niwashauri waitafute kazi ile. Nawaambia waitafute, lakini wasiwaahidi watu kitu kitakachosemwa na mdomo wa mtu mwingine.

Mwaka jana nilikuwa natoka Kisaka, upande wa Serengeti, na mbuzi wangu, nikakuta zahanati kando ya njia. Akina mama wenye watoto walikuwa wamekaa benchi zima na wengine chini. Nilipochungulia ndani nilimwona Bhoke, mvi zimeanza, anaosha mikono.

Alifurahi sana. Alinipa kiti, akanimiminia chai kutoka chupa yake, akaniuliza habari za nyumbani, akacheka aliposikia bado naitwa Shilingi. Nilitazama chumba cha dawa, hakuna mtu. Chumba cha sindano, hakuna mtu. Ule ugonjwa wangu wa zamani wa kuuliza maswali ukanipanda.

"Bhoke, wenzako wako wapi?"

Alikwenda akausukuma mlango wa kuelekea kwenye foleni, ukajifunga.

"Mwita, kunywa chai," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kwangu usiulize swali. Wakiniondoa na hapa, hawa watabaki na nani?"

Kisha akaufungua mlango na kumwita anayefuata.