Mnada wa Eveline

Idodi nzima ilijua kwamba Benedicta ndiye mwenye ile nyumba ya makumbusho iliyo kando ya barabara ya kwenda Ruaha. Baba yake, marehemu Mzee Fanueli, alikuwa bwana shamba, na kila kijiji alichotumwa kikazi alirudi na kitu begani: leo jembe lililofuliwa na wahunzi wa zamani, kesho ngoma iliyopasuka, keshokutwa kigoda ambacho wenyewe walitaka kukifanya kuni. Alipofariki, Benedicta ndiye aliyebaki navyo. Alivifuta vumbi, akapigana na mchwa, akawasimulia wageni waliokuwa njiani kwenda mbugani mpaka koo likamkauka. Ndoa ilimshinda akiwa humo humo.

Mvua za mwaka juzi zikatoboa paa. Benedicta akaanza kuzunguka kuomba msaada. Alikwenda kwa mtendaji, kwa wenye hoteli za watalii, hata kwa wenye maduka. Kote alipewa kiti, akaambiwa arudi wiki ijayo. Watu hawakuwa wabaya. Ni yeye tu hakujua kuomba. Alisimama mlangoni amekunja uso kama mtu aliyekuja kudai.

Ndipo mdogo wake, Eveline, akaja kutoka Mbeya.

Eveline ana saluni Ilomba, na ana kicheko kinachofika mahali kabla yake mwenyewe. Kwenye msiba wa baba yao alizika akaondoka. Sasa alishuka kwenye basi na begi moja, akalitazama paa, akasema, "Dada, hili tunalimaliza kwa mnada. Jumapili, baada ya ibada."

Wanawake ambao miaka yote walimsalimia Benedicta huku wakipita, sasa waliingia wakakaa. Walimletea Eveline mahindi ya kuchoma, wakamwomba awatazame nywele. Mchungaji akamwita Eveline "mama wa makumbusho yetu". Benedicta alikuwa jikoni akimenya viazi alipolisikia jina hilo. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi.

Jumapili ikafika. Uwanja wa kanisa ulijaa maboga, mpunga, mafuta ya alizeti na kuku waliofungwa miguu. Eveline akapanda juu ya benchi, amemshika jogoo.

"Jamani, mtazameni macho! Huyu akiwika Idodi, Iringa mjini wanaamka!"

Watu wakacheka, wakapandishiana bei. Jogoo akanunuliwa, mnunuzi akamrudisha auzwe tena, akanunuliwa na mwingine. Kisha Eveline akashusha sauti, akawasimulia jinsi baba yao alivyovuka mto uliofurika, maji yakimfika shingoni, ile ngoma kaibeba kichwani. Wazee wakafuta machozi. Mikono ikaingia mifukoni.

Hadithi ile Benedicta ndiye aliyempa, kwa simu, siku moja akichambua mchele. Yeye alipowasimulia wageni, walitikisa kichwa kwa adabu, wakatazama saa.

"Sasa twendeni tukaione wenyewe!" Eveline akasema. "Dada atatufungulia."

Umati ukamfuata mpaka mlangoni. Benedicta akajipapasa mifuko ya sketi, akainama kutazama chini ya jamvi la kibarazani.

"Ufunguo siuoni," akasema.

Ufunguo ulikuwa ndani ya sidiria yake. Aliuweka huko asubuhi, akijua kabisa anachofanya. Alitaka angalau mara moja wamngoje yeye.

Wakangoja. Jua likawachoma. Eveline akatania kwamba hata ngoma inataka kubembelezwa ndipo itoke, watu wakacheka tena, na Benedicta akaona kuwa hata hapo amenyang'anywa.

Wachache wakaanza kuondoka. Kati yao akasogea mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, jina lake Ng'washi, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe wao bonde la Usangu. Vumbi la safari lilikuwa bado miguuni.

"Mwanangu," akamwambia Benedicta, "nilimpa baba yako kibuyu cha maziwa cha marehemu mama yangu. Aliniahidi hakitatupwa. Kipo?"

"Kipo, mama."

"Kizima?"

"Kizima. Mvua ikinyesha huwa nakihamisha."

"Basi nashukuru. Hata kusikia tu kwamba kipo inatosha." Akageuka aende zake.

Benedicta akamshika mkono. Akaingiza mkono wake mwingine kifuani, mbele ya mchungaji na watu wote, akautoa ufunguo, akafungua. Hakuna aliyecheka. Ng'washi akaingia wa kwanza, akakipakata kibuyu kama mtoto mchanga.

Jioni Eveline alikuwa akipanga nguo kwenye begi.

"Dada, umeniaibisha."

"Najua."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu wamekupa. Mimi nimeomba mpaka viatu vimeisha soli. Wewe umecheka mara moja, wakakupa."

Eveline akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ningekuwa mimi," akasema mwisho, "na mimi ningekuchukia kidogo."

"Kidogo?" Benedicta akauliza, na hakuwa anatania.

Mabati yalipigwa kabla ya mvua kuanza. Vitu vya Mzee Fanueli vikakaa pakavu. Mafundi wakaliita paa la Eveline, watu wakalidaka jina hilo, na mpaka leo Benedicta akilisikia sokoni linamchoma. Mgeni akiuliza nani alichangisha, anajibu, "Mdogo wangu, yuko Mbeya," kisha anahamia haraka kwenye jembe.

Mwaka huu kamati ya makumbusho, iliyoundwa baada ya ule mnada, imetaka madirisha yabadilishwe. Benedicta akachukua simu mwenyewe.

"Njoo," akasema. "Wanakutaka wewe."

Akakata, kabla mdogo wake hajaanza kucheka.