Sauti ya Baba Ndani ya Diski

Kompyuta ya steshenari yangu pale Haydom ilikuwa na virusi wengi kuliko wagonjwa walioshuka kwenye mabasi kwenda hospitali. Kila flashi iliyochomekwa iliacha zawadi. Nilipochoka nikafuta mfumo wa zamani wote na kuweka mwingine, wa bure, uliosifiwa mtandaoni na watu ambao ungedhani hawajawahi kuumwa hata kichwa. Sikuwa mjinga kabisa. Kabla ya kufuta nilinakili diski nzima ikawa faili moja kubwa, nikaliweka kwenye diski ya nje, nikajiona fundi.

Baba alifariki masika yaliyofuata. Picha zake tunazo nyingi, na katika zote amenuna. Sauti yake ilikuwa moja tu: mke wangu alimrekodi kwa simu nyumbani Hanang akisimulia habari za ng'ombe wake, kisha akaihamishia kwenye kompyuta ile. Simu yenyewe iliibwa mnadani. Kwa hiyo sauti ya baba, kama bado ilikuwepo, ilikuwa ndani ya lile faili kubwa.

Mfumo mpya ulilikataa. Nilihangaika nalo asubuhi nzima, wateja wa fotokopi wakiguna, hadi likafunguka na folda zangu zote zikajitokeza, hata barua za kuomba kazi nilizokuwa nimezisahau kwa makusudi. Nikatafuta kwa jina la baba. Hakuna. Nikaandika la babu, la ukoo, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo. Hakuna. Niliitukana mashine, nikawatukana na wale wa mtandaoni, halafu nikaogopa kweli. Niliona nimemfuta baba kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu aliporudi kutoka kwa wazazi wake Balangdalalu, ambako mtandao ulishika ukipanda kichuguu, nilimwambia sauti ya baba imepotea, nimetafuta kwa jina lake sikuipata. Alinitazama kama anavyotazamwa ndama aliyenasa kwenye ua.

"Ulitaka mimi niandike jina la baba mkwe?"

Kwetu Wadatoga mwanamke aliyeolewa halitamki jina hilo, wala neno linalofanana nalo. Nilimbishia kwamba kuandika si kutamka. Akasema hayo nikawaulize wazee, yeye vidole vyake vina adabu. Adabu yenyewe sasa: faili alikuwa ameliita "chai haina sukari", na mimi nilikuwa nimelipita mara kadhaa nikidhani ni kichekesho cha mteja fulani.

Akavuta kiti, akalifungua. Tukasikia kuku, upepo, kikohozi. Kisha baba, kwa sauti ileile ya kulalamika, akasema, "Mama, hii chai haina sukari."

"Naongeza, baba," mke wangu akajibu, na alikuwa ameshainuka kwenye kiti.