Eda Isiyo na Tarehe

Mtaani Kiponda, kwa miaka sita, ukimuuliza mtu yeyote wa nyumba ya Mzee Usi habari za mwanawe Shaame, ulijibiwa neno moja: "Kasafiri." Hukuambiwa kaenda wapi wala atarudi lini, na mwenye adabu zake hakuongeza swali. Neno hilo alilitunga Bi Shemsa, dada yake Shaame, jioni ile ile kaka yake alipochukuliwa. Tumpe haki yake, hakulitunga kwa kupenda uongo. Nyumba ile ilikuwa imetoa makarani na walimu wa chuo kwa vizazi vitatu, na hakuna mtu wake hata mmoja aliyewahi kuitwa mahakamani, sembuse kutiwa ndani. "Msafiri hana aibu," alisema Bi Shemsa, na mlango ukafungwa.

Mke wa Shaame, Kazija binti Simai, alilipokea neno hilo kama mtu apokeavyo buibui la kuazima. Lilimbana mabegani, lakini lilimsitiri.

Shaame alikuwa karani wa bandarini, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Machi 1965, baada ya sala ya alasiri, watu wawili walimkuta barazani, wakamwamkia kwa heshima, wakamwambia anatakiwa ajibu maswali mawili tu. Aliomba avae viatu, wakamngoja. Hakurudi tena. Wakati huo ilikuwapo sheria ya kumweka mtu ndani bila ya mashtaka, saini ya Rais ikitosha, na hapakuwa na pahala pa kwenda kuuliza saini ile imetiwa kwa sababu gani. Kazija alijaribu. Alivaa buibui lake zuri, akabisha hodi afisi hii, akaelekezwa afisi ile, na kila alipofika alikuta mtu nyuma ya meza na sentensi ile ile.

"Nchi iko vitani, bibi. Adui hajalala."

Alipata kujua kwa mlango wa nyuma, kwa mke wa askari mmoja, pahala alipo mumewe, na kwamba chakula kikipelekwa hupokewa. Basi kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne alipika, akafunga bakuli kwa kitambaa, akaenda kwa miguu. Askari alilipokea bakuli bila ya kumtazama, na wiki ya pili alimrudishia likiwa tupu na kuoshwa. Kazija alipenda kuamini kwamba aliyeliosha ni Shaame mwenyewe, kwani alikuwa mtu safi. Ijumaa moja askari hakunyoosha mkono.

"Usilete tena."

"Kahamishwa?"

"Nshakwambia usilete tena." Akatazama chini, akaanza kuchezea kifungo cha shati lake.

Kazija alirudi na chakula cha moto mikononi. Alipofika nyumbani alikila chote, peke yake, bila ya hamu, kwa sababu kumwaga ni haramu. Hakumwambia mtu kitu. Hakulia, kwani angelia vipi? Mke hulia mume akifa, na mumewe alikuwa kasafiri.

Miaka ikaenda. Alishona kofia za mkono, akasomesha watoto wa jirani Kurani ya mwanzo, akawa si mke wala si mjane. Harusini hakujua akae na kina nani. Wanaume wawili watatu wenye heshima zao walituma maneno kwa Bi Shemsa, naye akawajibu kwa upole kwamba wifi yake ana mume. Kitu kimoja tu alichokitaka Kazija, nacho ni kukaa eda: miezi minne na siku kumi, akae nyumbani, avae nguo nyeupe, asomewe mumewe hitma, na watu waje wamwambie pole. Lakini eda haianzi kwa dhana. Lazima kwanza mtu aseme kafa, na waliojua hawakusema.

Mwaka 1971 chakula kilipungua mjini. Mchele, unga na sukari vikawa vya kadi, na kadi hugaiwa na tawi la mtaa. Katibu wa tawi alikuwa Bakar, zamani fundi wa baiskeli Jang'ombe, kijana mzuri wa tabia ambaye cheo kilikuwa kimemkaa kama koti la mtu mwengine. Asubuhi moja kadi mpya ziligaiwa nje ya duka la mgao, na foleni ya wanawake ilikuwa imezunguka kona mbili.

"Vita gani hivi," alisema Mwanapili, mpika mandazi, aliyesimama nyuma ya Kazija. "Miaka saba tunaambiwa tuko vitani na mie sijasikia hata fataki."

"Vita vya tumbo, shoga," mwengine akajibu. "Na tumbo limeshashindwa."

"Nyamazeni, kuta zina masikio."

"Zina masikio, hazina mchele. Zisikie tu!"

Wakacheka, kicheko cha watu waliosimama tangu alfajiri. Kazija akapokea kadi yake, akaisoma. Palikuwa na majina matatu: Shemsa, yeye mwenyewe, na la tatu lilikuwa limepigwa mstari. Pembeni yake, kwa wino wa buluu, paliandikwa *Marehemu*, na juu ya neno umepigwa mhuri wa tawi.

Alisimama pale pale. Foleni ikamsukuma, hakwenda.

"Bwana Bakar," alisema, "nani kakwambia kafa?"

Bakar akainua kichwa. "Nani?"

"Shaame bin Usi. Umeandika marehemu. Kafa lini?"

Bakar akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo kadi, Bi Kazija, niitazame."

Kazija akaitia kadi ndani ya buibui. Nyuma yake Mwanapili akasema, safari hii bila ya mzaha: "Na mwanangu Mbarouk? Kwenye kadi yangu umemwandikaje? Maana kama wewe unajua, sema." Mwengine akauliza habari za nduguye, na mwengine tena. Hapakuwa na makelele. Sauti zao zilikuwa za kawaida, kama watu waulizanao bei, na hilo ndilo lililomtisha Bakar. Alifunga kitasa cha duka, akasema mgao umeahirishwa mpaka Jumamosi. Mwanamke mmoja akapiga teke mlango, kisha akaondoka akichechemea, kwani alikuwa amevaa makubadhi ya wazi.

Kazija alikwenda moja kwa moja kwa Sheikh Ameir, aliyekuwa akidarsisha kwenye msikiti wa mtaani. Mzee aliisogeza kadi dirishani, akaisoma mara tatu.

"Mhuri huu ni wa serikali," alisema. "Lakini tarehe hii ni ya kadi, si ya kifo. Mwanangu, kama kafa zamani, eda yako imeshapita na wewe hujui. Kama kafa jana, ndiyo kwanza inaanza. Nipe tarehe."

"Hakuna tarehe, sheikh."

Mzee aliigeuza kadi, akatazama na nyuma yake. "Basi kwa tahadhari ianze siku ulipopata yakini. Ukiipata." Akamrudishia kadi. "Na usiseme umeambiwa na mie. Nina wajukuu."

Alasiri ile ile Bakar alikuja nyumbani. Alipiga hodi kama mtu anayetumai hataitikiwa.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba. Pita, kaa."

Hakukaa. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. "Nimekuja kwa ile kadi. Ina kosa."

"Kosa gani?" Kazija aliuliza.

"Lile neno."

"Nani kakupa neno lile?"

"Hakuna aliyenipa! Wallahi, hakuna. Nimeambiwa nipunguze majina ya watu wasiokuwapo. Nikatazama, mtu miaka sita haonekani, hata barua hakuna. Nikaandika. Nilidhani nyinyi mnajua."

"Nasi tulidhani nyinyi mnajua," alisema Kazija.

Bakar akafuta uso kwa kiganja. "Nimeitwa huko juu. Wameniuliza, nani kakwambia huyo kafa? Nikasema sijui. Wakasema, basi hajafa mpaka sisi tuseme kafa. Nchi iko vitani, Bi Kazija, mambo ya usalama hayatolewi na katibu wa tawi. Nipe kadi nikuandikie nyengine, majina matatu, mchele kamili. Kila mwezi. Nakuomba. Mie pia nna watoto."

Bi Shemsa alimgusa wifi yake mkono. "Mpe. Yaishe. Tumelinda jina la nyumba hii miaka yote, tusilitupe njiani sasa kwa kipande cha karatasi."

Kazija aliitoa kadi. Aliutazama ule wino wa buluu ambao asubuhi ulimsimamisha foleni, na sasa aliona ni mwandiko wa fundi baiskeli aliyekuwa akikisia. Miaka sita nzima alikuwa amengoja neno kutoka kwa wenye nguvu, na lilipokuja, lilikuja kwa makosa, kwa ajili ya ratili za mchele. Akampa Bakar.

"Chukua. Andika unavyotaka, watatu, wanne, andika na paka. Lakini leo mie naingia eda."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa yangu. Siku nyingi nimeshaambiwa kafa, na askari asiyethubutu kunitazama. Nimekuwa nikingoja mkubwa aje anipe ruhusa ya kulia. Nimechoka kumngoja."

"Watakuja kukuuliza."

"Waje. Nitawauliza mimi kwanza. Kama ni vita, vitani mateka huandikwa, na maiti huandikwa. Yako wapi maandishi yao?"

Bakar alisimama kidogo, kadi mkononi, kisha akasema jambo ambalo halikuwa na cheo ndani yake: "Alinisaidia kuandika barua ya kuomba kazi, Bwana Shaame. Hakunitoza kitu." Akatoka.

Bi Shemsa hakusema na wifi yake mpaka magharibi. Alipika, akaosha, akafagia ua uliokwisha fagiwa. Kisha alifungua sanduku lake, akatoa doti ya bafta nyeupe aliyoiweka kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, akaikata katikati.

"Hii itakutosha," alisema. "Mie nitapata nyengine."

Hitma ilisomwa siku ya tatu, ya wanawake tu, ndani, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya joto. Walialikwa wachache na wakatazamiwa wachache zaidi, kwani watu walikuwa na hofu. Walikuja zaidi ya thalathini. Walikaa sebuleni, ukumbini, na kwenye ngazi, kila mmoja na juzuu yake, na wasiojua kusoma wakashika tasbihi. Kazija alikaa ukutani katika nyeupe yake, macho mazito, akipokea pole moja baada ya moja. Alikuwa amechoka hata kulia hakuweza, na hilo lilimshangaza, kwani alidhani kulia ndiko alikokuwa akikutaka.

Walipomaliza, Bi Mwatum, mwalimu wa chuo aliyeongoza kisomo, akainua mikono aombe dua. Akauliza kwa adabu, kama inavyoulizwa kila hitma, thawabu zinapelekwa kwa nani.

Kazija akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni Bi Shemsa. Alilitaja jina la kaka yake kwa sauti ya kusikika barabarani, na la baba yake, na la babu yake, mpaka jadi ya saba, bila ya kuruka mtu.

"Amin," watu wakasema.

"Na Mbarouk bin Khatib," alisema Mwanapili kutoka kwenye ngazi. "Mwanangu. Ikiwa yuko hai, Mungu atanisamehe."

Mtu wa ukumbini akataja jina. Na mwengine, karibu na dirisha, akataja mawili. Bi Mwatum, aliyekuwa ameshainua mikono, aliishusha magotini, akangoja wamalize.