Msokoto wa Tisa

Kijiji kiko katikati ya kisiwa cha Java, Indonesia, juu kuliko Lushoto nilikozaliwa, na kukifikia unapanda kwa basi dogo kutoka tambarare mpaka masikio yanaziba. Nilikwenda mwaka jana shule za Birmingham zilipofungwa, pamoja na jirani yangu wa hapa Bordesley Green na binti yake wa miaka saba. Nilikwenda kumnyoa huyo mtoto. Nilipompigia kaka yangu simu kumuaga, alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, unapanda ndege kwenda kunyoa? Vinyozi wa Indonesia wamegoma?"

"Wamenitaka mimi."

"Haya. Ukitoka huko upitie Lushoto, na mimi kipara changu kinakungoja."

Ilianza hivi. Mimi ni msusi. Sina saluni, nasukia jikoni kwangu siku za Jumamosi, na mume wangu alikuwa akifagia nywele wateja wakiondoka. Jumamosi moja jirani aliniachia mtoto akaenda zamu yake hospitalini. Kisogoni mtoto alikuwa na misokoto tisa minene, imeshikana kama sufi ya mto wa zamani, na nywele zake nyingine zote laini, zimenyooka. Nikasema moyoni, huyu mama ni mzembe. Ndivyo nilivyofikiri, na sina sababu ya kuficha. Nikamkalisha, nikampaka mafuta, nikachukua kitana. Msokoto wa kwanza haukufumuka, nikaukata. Mtoto akapiga ukelele, akanishika mkono, akaniambia niache. Nikaacha. Mume wangu akafagia, akatupa kwenye pipa.

Mama yake aliporudi alikaa sakafuni, palepale mlangoni. Ndipo akanieleza. Kijijini kwao wako watoto wachache ambao hushikwa na homa, na homa ikiondoka nywele hujisokota zenyewe. Hazikatwi mpaka mtoto aseme kwa kinywa chake, na siku akisema hutaja na kitu anachotaka. Lazima apewe kilekile. Mmoja atataka mbuzi, mwingine mayai mawili ya kuchemsha. Ukimnyoa kabla ya hapo, homa hurudi. Na wiki ile homa ikaja kweli. Darasa zima lilikuwa na homa wiki ile, lakini hilo halikunipa usingizi.

Mwezi uliofuata mume wangu alifariki. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nilikaa eda, na jirani alikuwa akiniletea supu pamoja na mtoto wake. Siku moja mtoto akaweka kijiko chini.

"Nataka nywele zangu zikatwe. Nataka anikate bibi huyu."

Mama yake akashtuka. "Bibi yuko kwenye eda. Hata dukani haendi, sembuse kwetu Java, kunakokatwa nywele hizi!"

"Nitamngoja."

"Hutaki baiskeli?"

"Baiskeli ninayo."

Nikamwambia nitakwenda. Sikuwa na imani na jambo lile, na hata leo siwezi kuapa. Lakini nililianza vibaya kwa mkono wangu, na mtoto alikuwa ametaja mkono huohuo. Nilimaliza eda yangu mpaka siku ya mwisho. Kesho yake nilikwenda kupiga picha ya pasipoti.

Nyumba za kijiji zimebanana ubavuni mwa mlima. Mabati yameliwa na kutu, kwa sababu ardhi ya kule hutoa mvuke wa kiberiti, na upepo ukigeuka kijiji kizima kinanuka yai viza. Wenyewe hawaisikii tena harufu hiyo. Wanaume hujizungushia msuli shingoni juu ya jaketi. Mgeni hakaribishwi sebuleni, anapelekwa jikoni, anapewa kigoda karibu na moto, chai na viazi vya kukaanga, na hakuna anayemuuliza neno mpaka mikono yake ipate joto. Kwa utaratibu huo nilijisikia nyumbani. Adhana nayo ni ileile.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nikakuta mashamba meupe. Umande ulikuwa umeganda juu ya viazi. Wanauita umande wa sumu, kwani jua likipanda majani yaliyoguswa hugeuka meusi kama yaliyochomwa. Bibi yake mtoto, mama mzazi wa jirani yangu, alikuwa akipita kati ya mistari akigusa majani, moja moja, bila kulalamika. Nikaona kitu kingine. Kwetu Lushoto matuta hukatiza mlima ili udongo usiondoke. Kule yanashuka wima mpaka bondeni. Nikamwomba binti yake amuulize: udongo haumomonyoki?

"Unaondoka," akajibu bibi. "Lakini maji yakisimama, viazi vinaoza. Tunakula mwaka huu kwanza."

Sikukubaliana naye.

Siku ya kunyoa watu walijaa jikoni. Palikuwa na pilau ya manjano iliyosimamishwa kama pia, kuku mzima, na peremende za sokoni kwa ajili ya watoto. Msimamizi wa shughuli alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi, zamani mchuuzi wa viazi, na bado alikuwa na sauti ya mnada. Mtoto akakalishwa mkekani. Bibi yake akainua nywele za kisogoni, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Nane. Kwenye simu nilikuwa nikiona tisa."

Jirani yangu hakuwahi kumwambia mama yake. Akaniinamia sikioni. "Dada, sema marehemu ndiye aliyeutupa. Marehemu hagombezwi."

Maneno hayo yasingekuwa hata uongo, aliutupa yeye. Nilikaa nayo mdomoni. Lakini kuna jambo sijaliandika huko juu. Siku ile, kabla ya kushika ufagio, mume wangu aliniuliza, "Mama yake amekubali?" Nami nikamwambia, "Wewe fagia tu." Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza, maisha yake yote. Nisingeweza kumfanya kuwa mtu mwingine sasa, mbele ya watu wasiomjua, ili mimi nipate kushika mkasi.

"Mwambie niliukata mimi," nikasema. "Bila kuuliza. Mume wangu aliniuliza kama umekubali, nikamwambia afagie. Msokoto umekwenda na taka."

Jirani akanitazama.

"Mwambie hivyohivyo."

Akamwambia. Bibi akasema kwa muda mrefu, macho yake kwangu.

"Anasema wewe ni mwizi," jirani akanitafsiria.

"Amesema mengi kuliko hayo."

"Mengine ni ya aina hiyohiyo."

Nilijua ningeweza kurudishwa vilevile nilivyokuja, na mtoto akabaki na nywele zake. Mzee wa kofia akamgeukia mtoto, akamuuliza anataka nini. Mtoto anaelewa lugha ya kwao ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote huku Birmingham; mama yake akawa anatafsiri.

"Yeye," akasema, akanielekezea kidole.

"Humtaki bibi yako?"

"Bibi ananivuta nywele."

Mtu akacheka, akajizuia. Mzee akauliza mara ya tatu, pole pole.

"Yeye. Nilipomwambia aache, aliacha."

Mzee akainua mabega. "Angetaka mbuzi tungetafuta mbuzi. Ametaka huyu." Akanipa mkasi.

Sikuwa nimeshika mkasi tangu mume wangu afariki. Nikakata. Kila msokoto niliuweka kwenye kitambaa cheupe. Baada ya wa nane nilitafuta kwa kidole kile kisiki cha msokoto nilioukata jikoni kwangu, nikakikata nacho. Kilikuwa kifupi kama ukucha. Bibi akanyoosha kiganja. Nikamwekea hapo, akakitazama, akakifunga kwenye kitambaa pamoja na ile misokoto mingine.

Nywele hupelekwa mtoni, maji yaende nazo hadi baharini. Bibi akachukua kile kifurushi, akatoka. Hakuniita.

"Baki, dada," jirani akaniambia. "Bado ana hasira."

Nikavaa viatu. Njia ya mtoni inateremka katikati ya viazi, ina utelezi, na bibi alikuwa akienda mbio kuliko umri wake, kifurushi kifuani, bila kugeuka. Nilimfuata.